Mtoto akisema ‘gemu linanionea’, msikilize kwanza

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo husikika sana katika mabanda ya gemu ya Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Muheza na Pangani, kila kijana anapobwaga pedi na kulalamika kwamba gari la kompyuta limempita kwa hila. Wenzake humcheka. Akirudi nyumbani na hasira zake, mzazi naye humwongezea: yaani unanunia televisheni?

Msemo huo ni wa kweli, lakini una sharti lake: mashindano yawe ya haki. Katika magemu ya mbio za magari, malalamiko ya mtoto mara nyingi yana ukweli ambao mzazi haujui. Yapo magemu yaliyotengenezwa ili mpinzani abebwe, na yapo yaliyotengenezwa ili mchezaji akwame mpaka atoe fedha.

Mtoto wa pwani hukua na michezo isiyoficha kitu. Kwenye bao, aliyeshindwa anaweza kurudi nyuma kimawazo na kuona ni mtaji gani ulimponza. Kwenye mbio za ngalawa, upepo unaovuma ni mmoja kwa wote. Wakishindana kwa baiskeli, usafiri ambao Tanga inajulikana nao, mwenye mnyororo uliolegea anajua kwa nini ameachwa. Kushindwa kwa namna hiyo kunauma, lakini kunafundisha. Kushindwa bila kuona sababu huacha hasira tu.

Gari linalovutwa kwa rababendi

Watengenezaji wa magemu wana mbinu ya miaka mingi ambayo hufananishwa na rababendi. Chukulia gari la mtoto na magari ya kompyuta yamefungwa pamoja kwa mpira unaovutika. Mtoto akienda mbele sana, mpira unayavuta magari ya nyuma: yanapewa spidi ya ziada, au yanakata kona bila kukosea. Mtoto akiachwa nyuma, walio mbele hupunguzwa mwendo ili awafikie.

Nia yake si mbaya. Mbio ambazo mmoja amewaacha wenzake mbali huchosha, na anayejifunza anahitaji matumaini. Super Mario Kart ya mwaka 1992 ilikuwa na mbinu hii. Mario Kart 64 ya mwaka 1996 ikaongeza gobe la buluu linalomfukuza anayeongoza na kumgonga. Ndugu wanne wakicheza pamoja sebuleni, jambo hilo huleta kicheko, kwa sababu mdogo wao naye hupata nafasi.

Shida huja mpira unapokazwa kupita kiasi. Mtoto anaendesha mizunguko miwili bila kosa, lakini mpinzani yuko pale pale mgongoni. Kona ya mwisho anateleza kidogo, anapitwa, na kazi yote inapotea. Anachojifunza hapo ni kwamba bidii ya mwanzo haina faida. Bora kujikokota nyuma na kuvizia mwishoni. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe abebe somo hilo darasani.

Hata watu wazima walilalamika

Wanaodhani haya ni deko la watoto wakumbuke mifano michache. Gemu la Driver la mwaka 1999 lilimfungia mchezaji ndani ya gereji ya maegesho kabla hata ya kuanza. Alitakiwa aonyeshe orodha ya mbinu za udereva, zikiwamo kugeuza gari ghafla na kupita kwa zigizaga, ndani ya sekunde 60. Wapo waliolinunua wakaishia gerejini.

Gemu la Mafia la mwaka 2002 lilikuwa na mashindano ya magari ya zamani yaliyokuwa magumu kiasi cha kuwa gumzo duniani. Sehemu hiyo ilipewa jina lenye maana ya mchezo wa haki! Baadaye watengenezaji walitoa marekebisho yaliyompa mchezaji nafasi ya kupunguza ugumu.

Machi 2022, wiki chache baada ya Gran Turismo 7 kutoka, zawadi za baadhi ya mashindano zilipunguzwa. Magari ya bei kubwa yakawa ya kusotea muda mrefu, huku fedha za ndani ya gemu zikiuzwa kwa fedha halisi. Wachezaji walikuja juu. Kiongozi wa mradi huo, Kazunori Yamauchi, aliomba radhi, wachezaji wakapewa milioni 1 ya fedha za gemu, na zawadi zikaongezwa kwenye masasisho yaliyofuata. Malalamiko yao yalikuwa na msingi.

Ugumu unaouzwa

Kwenye simu mambo ni tofauti kidogo. Magemu mengi ya simu hupakuliwa bure, na mtengenezaji hupata fedha zake ndani ya mchezo. Real Racing 3, iliyotoka mwaka 2013, ilizua mjadala kwa sababu gari likiharibika au likihitaji matengenezo, mchezaji alitakiwa asubiri kwa saa halisi au alipe ili aendelee.

Hill Climb Racing, gemu la kampuni ya Fingersoft ya Finland lililotoka mwaka 2012, limependwa pia kwa sababu linachezeka bila intaneti. Mafuta yakiisha kabla ya kufika kwenye dumu linalofuata, safari imekwisha, na njia ya kufika mbali zaidi ni kukusanya sarafu za kuboresha injini na tairi. Anayetaka kuharakisha anaweza kununua sarafu.

Mtoto asiye na fedha hupewa mlango mwingine katika magemu ya aina hii: atazame tangazo, apate nafasi nyingine. Anaona amepewa bure, kumbe anayelipa ni bando la mama. Bandani nako, anayelipia kwa dakika hulipia pia kila mbio anazorudia.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, aketi na mtoto dakika 10 atazame. Akishindwa, amuulize: umeshindwa wapi? Mtoto akiitaja kona na kosa lake, gemu hilo ni gumu lakini la haki, na mazoezi yatamsaidia. Akishindwa kuona kosa, wafanye jaribio: mzunguko wa kwanza aendeshe polepole makusudi, wa pili akaze mwendo. Kama wapinzani wanamsubiri na kisha kumfukuza kwa kasi ile ile, rababendi ndiyo hiyo.

Pili, wabadilishe uwanja. Kupunguza kiwango cha ugumu kwenye mipangilio si aibu. Magemu mengi yana mbio za kushindana na saa, bila wapinzani, na saa haimbebi mtu. Bora zaidi ni watu wawili kwa pedi mbili na magari ya aina moja. Hapo mwenye kushindwa atajua ameshindwa na nani.

Tatu, fedha zilindwe. Data izimwe wakati wa kucheza gemu lisilohitaji intaneti, duka la programu liwekwe nywila, na namba ya siri ya fedha za simu isijulikane na mtoto. Kwa anayekwenda bandani, kiasi kikubaliwe kabla hajatoka nyumbani.

Hasira za gemu pekee si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapoeleza tatizo la uraibu wa magemu, hutaja mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayeacha shule, chakula au usingizi ndiye wa kutafutiwa msaada.

Hata hivyo, kuonewa si ruhusa ya kuvunja pedi ya watu au kumtukana mdogo wake. Mzazi anaweza kusema yote mawili kwa pamoja: “Mwanangu, hapo kweli umeonewa, nimeona. Lakini pedi haikukosea. Weka chini, unywe maji, kisha tuamue kama gemu hili linastahili muda wako.” Mtoto aliyesikilizwa kwenye jambo dogo kama hilo atarudi kusema siku atakapoonewa shuleni au mtaani, ambako hakuna kitufe cha kuanza upya.