Usile ritifaa ya jina la mtu

Ndugu msikilizaji, na wewe uliyenunua gazeti hili asubuhi, wiki hii tuzungumzie alama ndogo sana kwenye ukurasa. Inaitwa ritifaa. Ni kile kimkia kinachokaa baada ya ng katika neno ng’ombe. Wengi wanaiona kama nukta ya mapambo, ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa. Lakini kwa mwenye jina lililobeba alama hiyo, kuipoteza ni kubatizwa upya bila kuulizwa.

Mjini Moshi kazi za kuchapa haziishi. Kuna kadi za michango ya harusi, vipeperushi vya kampuni zinazopandisha watalii mlimani, vyeti vya semina na lebo za kahawa. Ifikapo Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, harusi na vipaimara, mafundi wa kompyuta hukesha. Na msiba hauna mwezi. Familia inaingia dukani jioni na picha ya marehemu, inataka programu za ibada mia mbili kabla ya saa tatu asubuhi, kwani mazishi ni Kibosho, Marangu au Rombo, kwenye kihamba cha ukoo. Katika haraka kama hiyo ndipo ritifaa huliwa.

Tuanze na lugha. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuta sauti mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni ya ngoma na ngazi, ambamo g inasikika wazi. Ya pili ni ya ng’ombe na ng’ambo, inayotokea puani bila g kusikika. Katika maandishi ya Kiswahili sanifu, kinachotenganisha sauti hizo mbili ni ritifaa peke yake. Kung’oa ni kutoa kitu na mizizi yake, lakini ngoa isiyo na alama ni wivu au tamaa. Kwa maneno mengine, ritifaa hapa ni sehemu ya herufi, kama kituo kilivyo sehemu ya i.

Hapa kwetu tunayo Ng’uni, kule Masama wilayani Hai, na Lang’ata wilayani Mwanga. Tunao pia wakwe kutoka ng’ambo ya mpaka wa Holili na Tarakea. Kadi ya harusi ikipokea wageni kutoka Murang’a, au ukoo wa Ng’ang’a, fundi hawezi kuikwepa alama hii hata akitaka.

Sasa inapoteaje? Njia ya kwanza ni kitufe kisicho chake. Juu kushoto kwenye kibodi, chini ya Esc, kuna alama inayoinama upande mwingine, hii: `. Watu wengi huitumia kwa sababu inafanana na ritifaa. Kumbe si ritifaa. Ni alama ya kuwekwa juu ya irabu katika lugha kama Kifaransa.

Njia ya pili ni fonti. Kadi za harusi hupendwa kwa mwandiko wa kujipinda, na nyingi ya fonti hizo hupakuliwa bure. Aliyeichora fonti akiwa hakuiweka ritifaa iliyopinda, mahali pake hutokea kiboksi kitupu. Fundi akikiona kiboksi anakifuta, na jina linabaki bila alama. Dawa ni kubadilisha fonti. Kama kadi ni nzuri mno kubadilishwa, ipake alama hiyo moja fonti nyingine inayofanana.

Njia ya tatu ni programu inayojifanya inajua. Word na InDesign hugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda zenyewe. Katikati ya neno hupatia. Mwanzoni mwa neno, baada ya nafasi, hudhani unafungua nukuu na kuipindua. Ukiandika mwaka kwa kifupi, ’94, utakuta kimkia kimeangalia upande usio wake.

Hiyo alama iliyonyooka ni urithi wa taipureta. Vitufe vilikuwa vichache, hivyo kitufe kimoja kikapewa kazi ya kufungua nukuu, kufunga nukuu na kuwa ritifaa. Wapangaji wa herufi za risasi walikuwa na kila alama kwenye kisanduku chake. Kompyuta ilirithi kibodi ya taipureta, lakini ndani yake alama zote zipo. Zinahitaji kuitwa kwa namba.

Chukua kalamu. Kwenye kompyuta ya Windows, ukiwa Photoshop, Illustrator, CorelDRAW au Word, hakikisha taa ya Num Lock inawaka. Shikilia Alt, andika 0146 kwa vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia, kisha achia. Utapata ritifaa iliyopinda sawasawa. Namba za mstari wa juu hazifanyi kazi hiyo. Wala usiache sifuri ya mwanzo: Alt na 146 bila sifuri huleta Æ, herufi ya Wadenmark, na jina la marehemu likageuka kichekesho makaburini.

Mwenye laptopu isiyo na namba za pembeni asikate tamaa. Katika InDesign ashike Alt na Shift, abonyeze kitufe cha mabano ya mraba ya kufunga. Wenye Macintosh hufanya hivyohivyo kwa Option na Shift, karibu katika kila programu. Katika CorelDRAW, Ctrl na F11 hufungua dirisha lenye alama zote za fonti, uchague kwa macho. Illustrator na InDesign nazo zina dirisha la namna hiyo, linaloitwa Glyphs.

Ukishazoea, mlango ni huohuo kwa alama nyingine za biashara ya hapa. Kipeperushi cha mlima wa mita 5,895 kinahitaji alama ya nyuzi za baridi: Alt na 0176. Lebo ya kahawa inayokwenda Ulaya inahitaji é ya café: Alt na 0233. Kitabu cha jubilei kinachomtaja Emil Müller, mmisionari wa Leipzig aliyefika Machame mwaka 1893, kinahitaji ü: Alt na 0252. Lakini jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o lina ũ na ĩ, ambazo hazimo katika orodha hiyo fupi ya Windows. Hizo zifuate kwenye dirisha la alama. Katika Word, andika 0169 kisha Alt na X upate ũ, na 0129 kisha Alt na X upate ĩ.

Msikilizaji atasema, haya ni ya mafundi, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu kompyuta haitazami sura ya alama, inasoma namba yake. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39. Ile ya chini ya Esc ni 96. Iliyopinda ni 8217. Jina lile lile likiandikwa kwa alama tatu tofauti, mashine inayolinganisha namba hizo inaona watu watatu. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na moja, cha shule na nyingine, na cha kifo hakina kabisa, mjane au yatima anayefuatilia mirathi anaweza kuambiwa alete kiapo kuthibitisha kwamba marehemu ni mmoja.

Zipo pia fomu za kompyuta zinazoikataa ritifaa. Sababu ni kwamba katika lugha ya kuamuru hifadhi za kumbukumbu, alama namba 39 huonyesha mahali maneno yanapoanza na yanapoishia. Programu iliyoandikwa ovyo ikikutana nayo ndani ya jina, inadhani jina limekwisha. Kosa hilo ni la mtengeneza programu, na dawa yake inajulikana siku nyingi. Si haki kumwambia mwananchi abadilishe jina la babu yake ili mashine iridhike.

Kwa hiyo shika kanuni mbili. Kwa kazi ya kusomwa na watu, yaani kadi, programu ya ibada au jiwe la kaburi, tumia ritifaa iliyopinda. Kwa fomu ya kusomwa na mashine, tumia iliyonyooka, kitufe cha pembeni ya Enter, na ifanane katika fomu zako zote. Ile ya chini ya Esc iache kabisa.

Na unapopeleka kazi dukani, usilitaje jina kwa mdomo tu. Liandike kwa mkono, herufi kubwa, na ritifaa yake ionekane. Kabla ya kuchapwa nakala mia mbili, omba moja, uisome kwa sauti mbele ya ndugu anayelijua jina hilo. Kadi iliyokosewa huchapwa upya. Jiwe likishachongwa na kujengewa kihambani, wajukuu watalisoma kama lilivyo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.