Fahamu Namna ya Kubaini Hitilafu ya Mfumo wa Mafuta Katika Gari la Tabo Lililoongezewa Nguvu

Magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani, yakiwemo Subaru Forester na Subaru Impreza yenye tabo, yamejipatia wapenzi wengi, hasa vijana. Baadhi ya wamiliki hawatosheki na nguvu iliyotoka kiwandani, hivyo hubadilisha ekzosi, hupandisha presha ya tabo na kurekebisha programu ya kompyuta ya injini. Jambo linalosahaulika kwa urahisi ni mfumo wa mafuta. Kusahau huko kunaweza kuyeyusha pistoni, au kulifanya gari likate nguvu ghafla dereva akiwa katikati ya kulipita lori.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata ili kubaini chanzo cha hitilafu hiyo kabla mwananchi hajaingia gharama ya kununua spea asizozihitaji.

Kwa nini gari hukosa mafuta

Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo hayana budi kuongezeka. Injini ya petroli inapotembea kwa mwendo wa kawaida hutumia takribani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Tabo inaposukuma kwa nguvu zote, mafundi hulenga uwiano wa hewa wa kati ya 11 na 12, kwa kuwa mafuta ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako. Mafuta yakipungua wakati huo, joto hupanda, injini huanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka ndani ya sekunde chache.

Pampu na nozeli za kiwandani zilichaguliwa kwa nguvu ya kiwandani. Nguvu ikiongezwa bila kuzipima, kikomo chake hufikiwa.

Dalili na namna zinavyopotosha

Dalili ya kawaida ni gari kutembea vizuri mjini, kisha kusitasita au kukata nguvu pale pedali inapokanyagwa hadi chini. Hata hivyo, dalili hiyo haitoshi kuilaumu pampu. Plagi zilizochakaa huleta hali hiyo hiyo. Vilevile, mpira wa hewa uliopasuka baada ya kihisi cha hewa huifanya kompyuta imwage mafuta kupita kiasi, na moshi mweusi huonekana nyuma ya gari. Kwa sababu hiyo, plagi na mipira ya hewa hukaguliwa kwanza, kwani ukaguzi wake ni wa gharama ndogo.

Hatua inayofuata ni kupima uwiano wa hewa na mafuta kwa kihisi cha oksijeni chenye upeo mpana. Kihisi cha kawaida kilichokuja na magari mengi hakiwezi kuonesha kwa usahihi hali ya injini inapofanya kazi kwa nguvu zote. Namba ikipanda kuelekea 13 au 14 wakati tabo inasukuma, dereva aachie pedali mara moja, na gari lisiendeshwe kwa nguvu tena hadi chanzo kijulikane.

Kipimo kinachotoa jibu

Kipimo muhimu kuliko vyote ni presha ya mafuta. Katika magari mengi ambayo nozeli zake humwaga mafuta kwenye njia ya hewa, na ambayo yana bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, presha ya msingi ni takribani bar 3, mpira mdogo wa hewa wa kidhibiti presha ukiwa umechomolewa. Kidhibiti hicho hupandisha presha ya mafuta sambamba na ya tabo. Tabo ikisukuma bar 1, geji ya mafuta inapaswa kusoma bar 4.

Sababu yake ni kwamba nozeli humwaga mafuta mahali ambapo tayari pana hewa yenye presha. Iwapo mafuta yatabaki kwenye bar 3 huku hewa ikiwa bar 1, nozeli itabaki na msukumo halisi wa bar 2 tu. Kiasi cha mafuta kinachotoka kitapungua kwa takribani asilimia 18, wakati huo huo injini ikihitaji zaidi.

Matokeo ya geji yanaweza kusomwa hivi:

Kwanza, presha ikibaki palepale bila kufuata tabo, mpira mdogo wa hewa umechomoka au kupasuka, au kidhibiti chenyewe kimekufa.

Pili, presha ikianza vizuri kisha ikashuka kadiri mzunguko wa injini unavyopanda, tatizo lipo kwenye ugavi. Hapo hukaguliwa chujio, umeme wa pampu na pampu yenyewe.

Tatu, presha ikiwa sahihi lakini uwiano ukionesha upungufu wa mafuta, macho yaelekezwe kwenye nozeli. Huenda ni chafu, au zimefika kikomo. Kompyuta ikionesha nozeli zinabaki wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda, gari linahitaji nozeli kubwa zaidi pamoja na kurekebishiwa programu upya.

Nne, presha ikianguka mara tu injini inapozimwa, na gari likachelewa kuwaka asubuhi, valvu ya pampu, kidhibiti au nozeli inavujisha.

Umeme na kiwango cha mafuta kwenye tangi

Kabla ya kuihukumu pampu, fundi apime umeme kwenye soketi yake wakati inafanya kazi. Betri ikisoma volti 13.8 huku pampu ikipata 11.5, tatizo ni waya, rilei au ethi. Pampu kubwa iliyofungwa kwenye waya za zamani hukumbwa na hali hiyo, kwa kuwa inavuta umeme mwingi kuliko waya zilivyokusudiwa.

Tangi lenye mafuta machache nalo huleta hitilafu ya kupotosha. Gari linapopanda mlima mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa, au kukata kona kali, mafuta huhama na pampu kuvuta hewa. Tatizo likitoweka tangi linapojazwa, pampu mpya haitakuwa suluhisho.

Ubora wa mafuta

Iwapo injini imeanza kugonga mara baada ya kujaza mafuta, ilhali vipimo vyote ni sahihi, ubora wa mafuta hauna budi kutiliwa shaka. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza uwezo wa kustahimili mgandamizo, na injini ya tabo ndiyo huumia mapema. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huwakumbusha wanunuzi kudai stakabadhi inayoonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Stakabadhi hiyo ndiyo kidhibiti cha mnunuzi anapolalamikia ubora wa mafuta.

Usalama wakati wa kupima

Mafuta yenye presha yakirukia ekzosi ya moto huweza kuwaka papo hapo. Injini iachwe ipoe, presha iondolewe kabla ya kufungua bomba, na kizimamoto kiwe karibu. Bomba la mafuta lisipitishwe ndani ya gari kwa ajili ya geji. Badala yake itumike geji ya umeme. Magari ambayo nozeli zake humwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hutumia presha kubwa mno, hivyo yapimwe kwa kompyuta na fundi aliyesomea mfumo huo. Moto ukitokea, watu wote waondoke karibu na gari na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Barabara ya umma si mahali pa kupimia mwendo. Fundi anaweza kukipima kidhibiti gari likiwa limesimama, kwa kukisukumia hewa ya bar 1 kwa pampu ya mkono na kuona kama presha ya mafuta inapanda kwa bar 1.

Mmiliki anayo haki ya kumtaka fundi amwoneshe vipimo vya presha, umeme na uwiano wa mafuta kabla ya kukubali kubadilishiwa kifaa chochote. Hadi vipimo hivyo vikamilike, presha ya tabo irudishwe katika kiwango cha kiwandani.