Butembo: ordinatere ya kwanza ya michezo, kijana wa Bulengera anunue nini ili pesa yake isiungue?

Katika komine ya Bulengera, ordinatere ya kwanza ya kijana hununuliwa mara nyingi kwa pesa iliyowekwa kidogo kidogo: pesa ya mota, ya kuuza krediti ya simu, ya kakao iliyovunwa upande wa Beni. Pesa ya namna hiyo ikipotea, hairudi kesho. Ndiyo sababu kuchagua vipande vya mashine ya kuchezea si jambo la utoto. Na mashine inayoweza kuchezesha mpira wa EA Sports FC ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutengeneza video za ndoa, kuchora mipango ya nyumba na kuandika kazi ya mwisho ya chuo kikuu.

Tuseme kijana ana dola 300 au 350 mkononi. Afanye nini?

Bidhaa zinatoka mbali

Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu miaka mingi kwa kufuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou. Kontena hushuka Mombasa, hupita Kampala, huingia Congo kwa mpaka wa Kasindi, kisha hupanda kupitia Beni. Usafiri, forodha, vizuizi vya barabarani na usalama mdogo wa njia, vyote hivyo viko ndani ya bei unayolipa dukani. Kwa hiyo bei unayoiona kwenye intaneti ya Marekani si bei ya hapa, na usikasirikie mwenye duka kabla ya kuhesabu safari yenyewe.

Jambo la pili linatoka mbali zaidi. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, bei ya memori ya RAM imepanda sana duniani kote. Viwanda vikubwa vya memori, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, vinapeleka sehemu kubwa ya kazi yao kwenye vituo vya akili bandia, kwa sababu huko ndiko faida ilipo. Mnunuzi mdogo ndiye anayelipa. Kwa Butembo maana yake ni hii: mashine ya okazio ambayo tayari ina RAM ya giga 16 ndani inaweza kuwa na faida kuliko ile ya bei ndogo yenye giga 4, ambayo utalazimika kuiongezea baadaye.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi ya okazio

Kwa dola 300 hivi, njia iliyo salama zaidi ni kununua ordinatere ya ofisi iliyotumika Ulaya au Marekani, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea karti grafiki. Mashine hizi zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku ya mabenki na maofisi, na nyingi bado ni nzima.

Angalia kwanza prosesa. Usidanganywe na neno «Core i5» peke yake, maana kuna i5 ya 2010 na i5 ya miaka hii. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema ukweli. Core i5-6500 ni ya 2015 na ina kora 4. Core i5-8500 ni ya 2018 na ina kora 6. Kizazi cha nane ndicho cha kutafuta, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya hapo, na Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipata ya kizazi cha sita kwa bei nzuri sana, itacheza, lakini ujue unanunua kitu ambacho mlango wake umeanza kufungwa.

Halafu angalia ukubwa wa kasha. Mashine nyembamba inapendeza mezani, lakini inakubali karti grafiki fupi tu. Ile ya mnara ina nafasi zaidi. Alimantasio ya mashine hizi ni ndogo, mara nyingi kati ya wati 180 na 260, na mdomo wake wa waya mara nyingi si ule wa kawaida. Ikiungua, huwezi kuchukua yoyote ile sokoni ukaiweka.

Kwa sababu hiyo, tafuta karti grafiki isiyohitaji waya wa pekee wa umeme. Mbili zinajulikana vizuri: GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019. Zote hutumia wati 75 hivi na zina memori ya giga 4. Lakini chunguza kwa macho, kwani kuna aina fulani za GTX 1650 zilizowekewa tundu la waya, na hizo hazifai kwa mashine ya ofisi.

Karti hizo zinatosha? EA Sports FC 24 ilidai angalau GTX 1050 Ti, RAM ya giga 8 na nafasi ya giga 100 kwenye diski. GTA V, iliyofika kwenye ordinatere mwaka 2015, inacheza bila shida. Michezo mizito ya leo itaomba upunguze ubora wa picha, na mingine itakataa kabisa.

Njia ya pili: vipande vipya

Anayeweza kufika dola zaidi kidogo, au anayenunua kipande kimoja kila baada ya miezi michache, anaweza kujenga mwenyewe kwa prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G. Ilitoka 2021, ina kora 6, na ndani yake mna sehemu ya picha inayoweza kuchezesha michezo myepesi bila karti grafiki. Karti utaiongeza siku utakayoweza.

Hapa kuna kosa moja linalowaumiza wengi: kuweka kipande kimoja cha RAM. Prosesa ya namna hii hukopa RAM kwa ajili ya picha, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa vipande ni viwili. Giga 8 mara mbili ni bora kuliko giga 16 katika kipande kimoja.

Kwa njia zote mbili, diski ya SSD si anasa. Mashine ya zamani yenye SSD hufunguka haraka kuliko mashine mpya yenye diski ya kuzunguka. SSD ya giga 256 kwa Windows na mchezo mmoja au miwili, pamoja na diski ya kawaida ya kuhifadhi mengine, ni mwanzo mzuri.

Umeme kwanza, mchezo baadaye

Mimi mwenyewe niliunguza alimantasio yangu ya kwanza. Mashine ilikuwa imetoka nchi inayotumia volti 115, na nyuma kulikuwa na kitufe kidogo chekundu ambacho sikukitazama. Kwetu umeme ni volti 220. Nilichomeka, nikasikia mlio mmoja, moshi ukatoka. Pesa ya karti grafiki ikaenda kwa fundi. Tangu siku hiyo, kila mashine ninaitazama mgongoni kabla ya kuitazama usoni.

Butembo umeme hukatika, na ukirudi huweza kurudi kwa nguvu. Nunua stabilizatere kabla ya karti grafiki, si baadaye. Usipunguze pesa ya alimantasio ili uongeze taa za rangi kwenye kasha: alimantasio mbaya ikifa, huweza kuua na vipande vingine.

Anayetumia paneli za jua afanye hesabu. Mashine ya ofisi yenye GTX 1650, pamoja na ekrani, hula wati 170 hivi wakati wa mchezo. Ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, weka 200. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ile ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Zinabaki 600, yaani saa 3 za kucheza, na usiku huo nyumba haina taa. Ongea na wazazi kabla, si baada. Na inveta za bei ndogo, zisizotoa wimbi safi, zinaweza kuzisumbua alimantasio nyingi za kisasa.

Kabla ya kutoa pesa

Usinunue mashine iliyozimwa. Omba iwashwe na ikae robo saa angalau, mkono wako ukisikiliza joto na sikio likisikiliza feni. Beba programu mbili kwenye ufunguo wa USB, zote za bure. GPU-Z hukuambia karti grafiki ni ya kweli au ni ya zamani iliyobadilishwa jina. Udanganyifu huo upo sana kwa GTX 1050 Ti. CrystalDiskInfo huonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake ikoje. Mwenye duka mwaminifu hatakukatalia. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Fikiria pia namna mchezo utakavyofika kwenye mashine. Giga 100 kwa forfe ya simu zinaweza kula pesa nyingi. Vijana wawili wanaoishi jirani, kila mmoja akiwa amenunua mchezo wake kwenye Steam, wanaweza kupakua mara moja na kunakili mafaili kwa diski ya nje. Steam huyakagua na kupakua kile tu kinachopungua.

Mwisho, fungua kasha na kupuliza vumbi kila baada ya miezi miwili wakati wa kiangazi. Baridi ya Butembo inasaidia mashine, lakini vumbi jekundu la barabara zetu huziba feni, na mashine iliyozibwa huanza kuzimika katikati ya mechi.

Kwa ufupi, mwenye dola 300 agawe hivi: nusu kwa mashine ya kizazi cha nane yenye SSD na RAM ya kutosha, theluthi kwa karti grafiki, na kinachobaki kwa stabilizatere. Kama ekrani haimo katika bei, aombe kutumia televisheni ya nyumbani miezi ya kwanza. Waya wa HDMI au kigeuzi chake hautamfilisi. Akikosa pesa ya karti, anunue mashine kwanza na angoje. Mashine nzima isiyo na karti inafanya kazi tangu siku ya kwanza, lakini karti nzuri bila mashine hukaa ndani ya boksi.