Vidonge vya Minyoo na Maradhi ya Moyo: Askari wa Mpakani Aelewe Nini?

Askari wanaoshika zamu Busia na Malaba wanajua vema jinsi bidhaa ndogo inavyovuka mpaka. Bodaboda, ambazo jina lake husemwa lilizaliwa hapo hapo Busia zamani za baiskeli, kwa kuwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi cha pili, zimekwisha kubeba sukari, sabuni, kahawa na dawa. Siku hizi tumekuwa tukiulizwa na askari jeshi, na polisi pia, juu ya bidhaa iliyo ndogo kuliko hizo zote: vidonge vya minyoo, hasa ivamektini, ambavyo husifiwa kwamba vikimezwa pamoja na zinki na vitamini huondoa uvimbe wa moyo. Swali hili linastahili jibu kamili, kwa maana mara nyingi mwenye kuliuliza ni kijana ambaye kifua kinamuuma, naye hataki kuandikwa mgonjwa.

Imani hiyo haikuota bila mbegu. Watu wa Tororo wameishi na vijidudu vya kila namna. Huko Nagongera, kabla ya nyumba kuanza kupuliziwa dawa mwishoni mwa mwaka 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kwa upande wa Mlima Elgon, ivamektini iligawiwa vijijini miaka mingi hadi ule upofu wa mtoni unaoletwa na inzi wadogo weusi ukakomeshwa. Dawa yenyewe ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani, na wavumbuzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi kidonge kilichookoa macho ya wazee wetu hakiwezi kudharauliwa.

Kisha ukaja mwaka 2020, malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Busia madereva wakisubiri kupimwa korona. Wakati huo ilitangazwa kwamba ivamektini imeviua virusi hivyo katika vyombo vya maabara. Wachache walitaja kwamba kipimo kilichotumika kilizidi mno kile ambacho mwili wa binadamu hupata kwa kumeza vidonge vya kawaida. Mwezi Machi 1921 ulikuwa mbali, lakini Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo isitumiwe kwa korona ila ndani ya majaribio ya utafiti. Na kwa kuwa korona yaweza kuvimbisha misuli ya moyo, sifa ya kidonge ilihamia kwenye moyo. Utafiti wa kuithibitisha sifa hiyo kwa wagonjwa wa moyo haukuifuata.

Hata hivyo si haki kusema kwamba dawa ya vijidudu haiwezi kamwe kuhamia ugonjwa mwingine. Imewahi kuhama, na askari walikuwemo katika safari hiyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la 14 la Jenerali Slim, ambamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kwenye bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, lilimezeshwa mepakrini kila siku ili kuzuia malaria. Dawa hiyo iligeuza ngozi kuwa ya manjano, na uvumi ulienea kwamba inaondoa nguvu za kiume. (Uvumi wa kambini, kama tujuavyo, haukuanza leo.) Slim hakubembeleza mtu: alifanya ukaguzi wa ghafla, na makamanda watatu ambao askari wao hawakumeza wakavuliwa madaraka. Baada ya vita, mwaka 1951, daktari Page wa London aliandika kwamba mepakrini iliwasaidia wagonjwa wa lupusi, maradhi ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Nduguye, haidroksiklorokwini, hutumiwa kwa lupusi mpaka leo. Lakini ilifika hapo kwa kupimwa juu ya wagonjwa, tena dawa hiyo hiyo ikizidishwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mwenye kuimeza kiholela ili kuulinda moyo anaufyatulia risasi moyo huo huo.

Tena neno “uvimbe wa moyo” limefunika maradhi ambayo hayafanani. Utando unaouzunguka moyo ukivimba, madaktari wengi hutumia kolchisini, dawa ya kale ya jongo. Nayo ilihama, lakini kwa cheti: katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 240 waligawanywa makundi mawili, na walioongezewa kolchisini walisumbuliwa na ugonjwa sugu au uliorudi kwa kiasi kisichofika nusu ya wenzao. Hapa Afrika utando huo mara nyingi hujaa maji kwa sababu ya kifua kikuu, na kila wiki anayoipoteza mgonjwa kwa vidonge vya minyoo ni wiki ya kifua kikuu kusonga mbele.

Vali za moyo nazo huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye koo lililoambukizwa bakteria. Ugonjwa huu hupenda mabweni na makambi. Ndiyo maana ilikuwa katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, ambapo madaktari walionyesha kwamba askari mwenye koo hilo akitibiwa kwa penisilini, homa hiyo huzuilika kwa sehemu kubwa. Na hapa Uganda, watoto na vijana 818 wa Gulu wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo walifuatwa kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliodungwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, na kwa wasiodungwa asilimia 8.2. Sindano hiyo ni ya bei nafuu nayo haina mpiga debe sokoni.

Inabaki misuli ya moyo yenyewe. Hapa dawa kubwa ni ile ambayo askari huichukia kuliko sindano, yaani kupumzika. Misuli iliyovimba ikilazimishwa kukimbia, moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo ghafla, na kijana aliyeonekana mzima akaanguka uwanjani. Kwa desturi madaktari humzuia mgonjwa mazoezi mazito kwa miezi mitatu hadi sita, kisha humpima upya. Kwa hiyo askari anayeumwa kifua, anayehema kwa kazi ndogo, au anayehisi moyo kurukaruka baada ya homa au mafua, aende zahanati ya kikosi kabla ya gwaride la asubuhi, amtajie tabibu kila kidonge alichokimeza, hata kile cha dukani, na apelekwe hospitali kupimwa mapigo ya moyo kwa mashine. Sajini wa zamu naye amwandike kama anavyomwandika aliyevunjika mguu.