Motokari Yetu Ilitayarishwa kwa Hali ya Hewa ya Wengine



Hapa Lubumbashi mvua inaanza Oktoba ao Novemba, inatuacha karibu na Aprili. Miezi ile ingine yote tuko paka na jua na vumbi. Mimi nilisoma elektromekanike, na leo ninafanya kazi kwenye garaji. Kila mwaka, juma la mvua ya kwanza, kiwanja cha garaji kinajaa motokari zilizogongana. Wenyewe wanasema: "Ni mvula." Mimi ninaona mambo ingine. Mvua ilikuta tu kile kilichokuwa kimekwisha kuharibika tangu Juni, lakini barabara kavu ilikuwa inakificha.

Juu ya nini ninawaandikia ninyi wenye diplome? Sababu wengi wetu, kazi ikikosekana, kapitali ya kwanza ni motokari ya okazyo. Pesa inatoka kwa likelemba ao kwa kaka mkubwa. Asubuhi inapeleka watoto kwenye masomo, mchana inafanya takisi. Familia mbili ao tatu zinakula pale. Motokari hiyo ikiteleza chini ya kamio, wanaopotea ni watu, na deni linabaki.

Jambo ninalotaka tulielewe ni hili moja: motokari zetu nyingi hazikutayarishwa kwa ajili yetu. Zilitayarishwa kwa Japani ao kwa Ulaya, kwa barabara zao na baridi yao. Hakuna mtu atakayezitayarisha kwa mvua ya Katanga kama si sisi wenyewe. Tupitie vitu vitano, kwa utaratibu ambao mimi ningetumia pesa yangu.

1. Mipira

Motokari nzima inagusa barabara kwa sehemu ine tu, kila moja karibu na ukubwa wa kiganja cha mkono. Ile mistari iliyochimbwa kwenye mpira si mapambo. Ni mifereji ya kutoa maji. Mistari ikiisha, maji yanakosa pa kwenda, mpira unapanda juu ya maji, na hapo volani inakuwa nyepesi mkononi: unageuza, motokari inaendelea mbele tu.

Mpira mpya uko na kina cha karibu milimetre 8. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria inakataza kushuka chini ya milimetre 1,6, lakini wenye ufundi wengi wanashauri kubadilisha kwenye milimetre 3 kama mvua ni nyingi. Namna ya kupima: ingiza kijiti cha kibiriti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha pima na rula ya mtoto wa shule. Haikuombe hata franka moja.

Angalia tena alama mbili kwenye ubavu wa mpira. Ya kwanza ni tarakimu ine zinazofuata herufi DOT. Ukisoma 3617, mpira ulitengenezwa katika juma la 36 la mwaka 2017. Mpira wa zamani unakuwa mgumu hata kama mistari yake ingali mirefu, na mpira mgumu haushike barabara yenye maji. Alama ya pili ni mlima wa vichwa vitatu wenye nyota ya theluji ndani. Ukiiona, jua kwamba mara nyingi ni mpira wa majira ya baridi. Umetengenezwa laini ili ufanye kazi vizuri chini ya nyuzi 7. Kule unaokoa watu. Hapa kwetu, hata siku ya mvua, joto liko juu zaidi ya pale: mpira ule unaisha haraka, na ukipiga freni unaenda mbali zaidi mbele ya kusimama. Muuzaji atakuambia "iko bado mupya, angalia mistari." Mistari ni kweli ni mirefu. Lakini ni mpira wa nchi ingine.

Upepo, pima asubuhi mbele ya kutembea. Kipimo kizuri kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa shofere. Ile namba kubwa kwenye mpira wenyewe ni mwisho wa uwezo wake, si kipimo chako. Mpira usio na upepo wa kutosha unapanda juu ya maji upesi zaidi.

2. Freni

Plakete za freni zikibaki chini ya milimetre 3, badilisha, usingoje zilie. Kisha kuna kitu wengi wanasahau: mafuta ya freni. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, polepole, hata kama motokari imelala. Maji yakiingia, freni ikipata moto mafuta yanachemka, na pedali inashuka kama unakanyaga sifongo. Ndiyo maana yanabadilishwa karibu kila miaka miwili. Kuongeza juu peke yake hakusaidii, sababu maji yanabaki ndani. Na usimruhusu mekanisie kutia mafuta ingine mahali pale kwa sababu "yote ni mafuta." Kifuniko chenyewe kinaandikwa aina: DOT 3 ao DOT 4.

3. Kuona

Esuiglase zikikaa miezi sita kwenye jua la Lubumbashi, mpira wake unakauka na kupasuka. Siku ya mvua zinapaka tu maji na vumbi kwenye parabrize. Badilisha kila Oktoba, hata kama hazikufanya kazi mwaka mzima. Kwa kweli zimeharibika sababu hazikufanya kazi. Na usizitembeze juu ya kioo kikavu chenye vumbi, zinakikwaruza. Mwaga maji kwanza.

Safisha parabrize na ndani pia. Ukiwa na watu watano wenye nguo za maji, pumzi yao inageuka ukungu kwenye kioo. Kufuta kwa mkono kunaacha mafuta. Washa klima pamoja na hewa ya moto, uielekeze kwa kioo: klima inakausha hewa. Kama klima ilikufa, tuma hewa ya moto kwa parabrize na ufungue madirisha kidogo. Afadhali kulowa bega kuliko kutembea kama kipofu.

4. Taa na volani ya kuume

Hapa ndipo ninaomba mnisome pole pole. Japani wanatembelea upande wa kushoto. Sisi tunatembelea kuume. Taa ndogo za motokari ya Japani zimekatwa kwa makusudi: mwanga unapanda kidogo upande wa kushoto, sababu kule kushoto ndiko kando ya barabara, kwenye watu wa miguu. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Basi taa yako inampiga machoni, na wakati huohuo kando ya kuume, kule kunapita mtu wa velo mwenye magunia ya makala, kunabaki giza. Mvua ikinyesha usiku, barabara yenye maji inazidisha mwanga huo.

Pima mwenyewe. Usiku, simamisha motokari metre 5 mbele ya ukuta, mahali pa tambarare, washa taa ndogo. Utaona mstari kati ya mwanga na giza. Mstari huo uwe chini kuliko katikati ya taa yako, karibu santimetre 5. Kama unapanda kwa kushoto, taa ni za nchi ingine. Dawa ya kweli ni kununua taa zilizotengenezwa kwa kutembelea kuume. Kama pesa haijapatikana, waulize wanaozitengeneza wafunike ile sehemu inayopanda na plastike nyeusi. Wasafiri wanaovuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa wanafanya vile.

Volani nayo iko na hatari yake. Shofere anayeketi kuume, kwenye barabara yetu, yuko karibu na mufereji. Akiwa nyuma ya kamio la shaba kwenye barabara ya Likasi ao ya Kasumbalesa, haoni mbele mpaka motokari nzima itoke. Basi anamuuliza abiria wa kushoto: "Kuko mutu?" Maisha ya watu watano yanakaa kwenye jicho la mtu mmoja ambaye labda hajawahi kuendesha. Na mvua ikinyesha, magurudumu ya kamio yanarusha maji kama wingu. Hapo hakuna jicho linaloona. Sheria yangu ni fupi: mvua ikinyesha, mwenye volani ya kuume hapiti kamio. Anabaki nyuma, mbali, mpaka mvua ipungue.

5. Barabara yenyewe

Mvua ya kwanza ni mbaya kuliko ya kumi. Miezi yote ya kiangazi, mafuta ya makamio na vumbi vinalala juu ya goudron. Maji machache yakichanganyika navyo, barabara inakuwa kama sabuni. Mvua nyingi ndiyo inaosha. Basi zile dakika 30 za kwanza, punguza mwendo kupita kawaida.

Hesabu inasaidia. Kwenye kilometre 80 kwa saa unakimbia metre 22 kila sekonde, na bado mguu haujafika kwa freni. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimamisha unazidishwa mara ine. Mwanafunzi wa fizike anajua hiyo formule. Aipeleke barabarani.

Maji yanayotembea juu ya avenyi, usiyajaribu. Santimetre 30 za maji yanayokimbia zinatosha kubeba motokari ndogo, na chini yake kunaweza kuwa mufereji usio na kifuniko. Kama motere imezimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Maji yakiwa yameingia ndani ya silinda, hayabanwi kama hewa. Chuma cha ndani kinapinda, na pesa ya likelemba inaisha pale. Isukumeni mpaka pakavu, mekanisie aifungue.

Wandugu, ninajua jibu: "Pesa iko wapi?" Ni kweli, mipira ine ni bei. Lakini mara nyingi ninaona motokari yenye radio mpya, rangi mpya na maandishi mazuri kwenye kioo cha nyuma, na mipira yake inang'aa kama kipara. Pesa ilikuwa, ila ilianza mahali pabaya. Ianzie chini: mipira, freni, esuiglase, taa. Rangi ingoje Aprili.

Na wewe usiye na motokari, uko abiria. Mbele ya kuingia, inama uangalie mpira. Wakati mvua inanyesha, mwambie shofere, kwa heshima: "Papa shofere, tuende pole pole, tutafika." Akikasirika, shuka. Diplome uliyoitafuta miaka mitano haistahili kuishia nyuma ya kamio kwa sababu ulikuwa na haya ya kusema.