Nyani haoni kundule, hata katika gemu

Jioni moja, nikirejea kutoka kazini kwa miguu katika barabara ya Naivasha, baina ya Dagoretti Corner na Kawangware, nilisimama mlangoni pa kibanda kimoja cha gemu. Vijana wawili walikuwa wakicheza kandanda ya eFootball mbele ya runinga, na wengine wapatao wanane wamejipanga nyuma yao. Nilitega sikio. Ajabu ni kwamba hakuna aliyezungumzia mabao. Mazungumzo yote yalihusu tabia: fulani hupoteza muda makusudi akiwa anaongoza, fulani hukimbia mchezo akihisi atashindwa, fulani hajui kushukuru akishinda.

Sikatai kwamba mchezo huhitaji adabu. Mchezaji anayetumia programu za wizi huwadhulumu wenzake, na ni haki ashtakiwe kwa wenye mchezo. Lakini kushtaki kitendo ni jambo moja, na kumwandama mtu ni jambo jingine.

Nilifunzwa tofauti hiyo na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Alikuwa katika kikosi cha Free Fire, mchezo wa simu ambamo watu wanne huweza kupigana bega kwa bega. Usiku mmoja wa likizo alitoweka katikati ya pambano. Kabla ya kupambazuka, wenzake walikuwa wamekwisha kumwita msaliti, wakasambaza picha yake katika kundi lao la simu pamoja na orodha ya makosa yake yote ya awali. Shule zilipofunguliwa hakuna aliyetaka kuketi karibu naye. Alipoacha kujibu maswali darasani, mimi nami, mlezi wake, niliandika katika ripoti kwamba ni mzembe.

Zilipita wiki tatu kabla sijamwita kando na kumwuliza. "Mwalimu," akasema, "stima ilipotea ploti nzima, intaneti ikazimika, nami sikuwa na pesa za bando." Ni hayo tu. Katika kikosi kizima, na hata katika chumba cha walimu, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Jambo hili si la Dagoretti pekee. Riot Games, kampuni ya Marekani iliyotunga mchezo wa League of Legends, ilianzisha mwaka wa 2011 baraza ambalo wachezaji waliwahukumu wenzao walioshtakiwa kwa utovu wa adabu. Baraza hilo lilifungwa mwaka wa 2014. Watafiti wa kampuni hiyo walipochunguza mienendo ya wachezaji, waligundua kuwa wakorofi sugu walikuwa takriban asilimia 1 tu. Sehemu kubwa ya matusi ilitoka kwa watu wa kawaida ambao siku ile mambo yao yalikuwa yamekwenda mrama. Kwa maneno mengine, yule mkorofi tunayemsaka kwa udi na uvumba, mara nyingi ni sisi wenyewe.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyani haoni kundule. Kioo cha simu hutuonyesha kitendo cha mwenzetu lakini hakituonyeshi sababu yake. Hatuoni giza alimoketi, wala njaa, wala mzazi aliyemwamuru aizime simu. Pengo hilo sisi hulijaza kwa dhana mbaya.

Enyi wanafunzi, kabla hujamwanika mwenzio mbele ya kundi, mwulize faraghani kilichomsibu. Swali hilo halina gharama. Nasi walimu tusijitie usafi, kwani chumba chetu nacho kina orodha zake za "wazembe" na "wakaidi" ambao hatujapata kuwauliza lolote.

Ripoti ile niliiandika upya. Kijana ameanza tena kuinua mkono darasani, ingawa wale wenzake watatu bado hawajamwomba radhi.