Vakansi kubwa, fraksio na kalasi ya humanite

Wazazi wapendwa, na wewe kijana uliyemaliza kalasi ya munane, masomo yamefungwa. Mwezi wa saba na wa munane kengele hailii. Lakini mu Septemba utaingia humanite, na mwalimu wa hesabu hatakungoja. Ataanza aljebra, sawa vile wote wanajua fraksio. Wengi hawajui. Aljebra yenyewe haiwashindi. Mambo ya primere njo yanawaangusha.

Tupime. Uliza mtoto: 3/4 ukiongeza 1/6 ni ngapi? Wengi watajibu 4/10. Usimpigie kelele. Leta meka ya unga. Mwambie: robo tatu ya meka, ile peke yake, inapita nusu. Na 4/10 haifiki hata nusu. Namna gani tuliongeza unga na meka ikapunguka? Akicheka, ameanza kuelewa. Sasa agawanye meka mu vipande 12: robo tatu ni vipande 9, moja ya sita ni vipande 2, pamoja ni 11/12. Hatujumlishi vipande mpaka vimekuwa vya ukubwa mumoja. Ku aljebra ni kazi ile ile, herufi tu zinaingia pahali pa namba.

Endelea kumpima: 7 mara 8; −5 ukiongeza 3; 15% ya 60; na 2x + 5 = 17, x ni ngapi? (Kwa mama na baba, majibu ni 56, −2, 9 na 6.) Pale atasimama, pale njo pa kuanzia, hata kama ni jambo la kalasi ya ine. Asione haya.

Juma la kwanza mwache apumzike, alale. Kisha nusu saa kila asubuhi, akimaliza kazi za nyumba, siku tano kwa juma. Mu majuma saba inafika saa 17 na nusu, si kidogo. Achukue kaye zake za zamani, afanye tena interogasio zote bila kuangalia jibu. Telefone ikae mbali, ije mwishoni tu kuhakikisha. Na wewe mama usiyesoma, usiseme haikuhusu. Kaa karibu naye, mwambie: "Nielezee." Mtoto anayekwama kueleza, hajashika bado.

Juu ya nini nasema kwa nguvu? Tangu 2019 primere ya Serikali hailipwi, lakini humanite inalipwa. Kurudia kalasi ni kulipa mara mbili. Tena kuna kuchagua seksio. Siantifike, umeme, mekanike, komersiale: hesabu iko mule mote. Nimeona vijana wenye akili wakikimbia seksio waliyoipenda juu ya fraksio tu, kitu cha kurekebisha mu majuma mawili! Inaniuma.

Wengine watasema vakansi ni ya kutafuta franga ku mashimo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na shimo ni hatari. Mtoto abaki nyumbani na kaye. Hata baba anayeuza mawe ku depo atapata faida. Saki ya kilo 50, mashine ikisema 3% ya kobalti, ndani muna kilo 1 na nusu. Mnunuzi akiandika 2%, inakuwa kilo 1 tu. Nusu kilo imeenda, na baba ametia sahihi.

Basi hii hapa zoezi la asubuhi moja. Saki 12 za kilo 50; depo inatoa kilo 2 ku kila saki juu ya maji; mashine inasema 3%. Kobalti ni kilo ngapi? Jibu ni kilo 17 na gramu 280. Mzazi, funika mstari huu kwa kidole mpaka amalize.